Namba Nzuri za Kila Asubuhi

Saa ile ilitoka Doha ikiwa imefungwa ndani ya soksi mpya. Lakica aliipitisha kwa msichana mmoja wa Kitgum aliyekuwa akirudi nyumbani likizo, na msichana huyo akaifikisha Nsambya mwenyewe, mpaka mlangoni kwa Mzee Obwona, baba yake Lakica. Mzee aliivaa siku hiyohiyo. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, nyepesi kama bangili ya plastiki, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima presha bila kumfunga mtu mkono kwa ule mpira wa kujazwa upepo. Unagusa kioo, unatulia kidogo, namba zinatokea. Na papo hapo namba zilezile zinatokea kwenye simu ya Lakica, huko aliko, akiwa anajitayarisha kuingia kazini kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli.

Lakica hakuitafuta saa hiyo kwa anasa. Baba yake mdogo, Oyet, alikuwa ameondoka ghafla mwaka mmoja kabla ya yeye kwenda Uarabuni. Alilala vizuri, asubuhi hakuamka. Madaktari walisema ni presha, na kwamba ugonjwa huo hutembea ndani ya ukoo. Lakica alimpenda sana Oyet. Siku ya msiba aligaagaa chini, akaapa kwamba haendi popote, kwamba wazazi wake akiwaacha atawakuta makaburini. Ilibidi Obwona mwenyewe ambembeleze kwa wiki nyingi mpaka akakubali kupanda ndege. Alikuwa ndiye mtoto wao pekee aliyebaki. Wawili waliomtangulia walikufa wadogo, miaka ya vita kule kaskazini.

Obwona alikuwa polisi mstaafu. Watu wote wa mtaa, hata waliozaliwa baada ya yeye kuvua sare, walimwita Afande. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akifundisha vijana gwaride, na sauti yake ilijulikana. Akisema "Simama!" upande huu wa kilima, mwendesha bodaboda wa upande ule alikanyaga breki. Alipostaafu, yeye na mkewe Acayo waliondoka kwenye nyumba za polisi wakapanga vyumba viwili bondeni, karibu na reli, na shule za Kibuli zikaanza kumwita awafundishe watoto kutembea kwa hatua kabla ya sikukuu. Aliipenda kazi hiyo kuliko ile ya zamani. Alipanda kilima kwa miguu, fimbo kwapani, viatu vinang'aa.

Kabla saa haijaanza kazi ilitaka jambo moja. Lakica alimweleza baba yake kwenye simu, uso wake umejaa kioo chote.

"Baba, nenda duka la dawa wakupime kwa kile kipimo cha kawaida, cha kufunga mkono. Namba watakazokupa, uiandikie saa. Itaanzia hapo. Bila hiyo haiwezi kujua."

"Nimeelewa," alisema Obwona.

Alikwenda peke yake. Acayo alitaka kumsindikiza, akakataa. Aliporudi alisimama mlangoni, kifua mbele, akatangaza kwa Kiacholi kama anayesoma amri ya asubuhi: "Mia moja ishirini na nne, kwa sabini na nane!"

Acayo alipiga vigelegele. Kule Doha, aliposikia kwenye simu, Lakica alifunika uso kwa shuka la hoteli akalia kwa furaha. Obwona akaziingiza namba zile kwa kidole kimoja, polepole, akiuliza kila alama iko wapi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, alikaa kwenye stuli nje ya mlango akagusa kioo. Mia moja ishirini na sita. Mia moja ishirini na mbili. Namba zilitoka na rangi ya kijani pembeni, na baada ya muda mfupi simu ilitetemeka: Lakica ametuma moyo mwekundu, au neno moja tu, "Asante Baba." Hawakuwa na mengi ya kuzungumza siku za kazi, hivyo namba zile zikawa ndiyo salamu yao.

Acayo aliona mambo mengine. Aliona mumewe anashika mwimo wa mlango anapoinuka. Aliona anabonyeza paji la uso kwa kidole gumba wakati wa jua kali, anafumba macho. Alipomuuliza, Obwona alinyoosha mkono na kumwonyesha saa.

"Soma mwenyewe. Kuna ubaya hapo?"

"Namba siijui, lakini uso wako naujua."

"Uso wangu umezeeka. Hiyo siyo presha."

Acayo naye alianza kuitazama ile rangi ya kijani kila asubuhi, na akiiona, moyo unatulia, anakwenda kuwasha makaa ya sigiri.

Chumba cha pili kutoka kwao alikaa Marie-Louise, muuguzi kutoka Butembo, aliyekimbia mapigano ya Kongo pamoja na kaka yake Mumbere. Yeye na familia ya Obwona walielewana kwa Kiswahili. Yeye na Kiswahili chake cha Kongo, wao na kile cha kambi ya polisi, ambamo "unasema" na "inasema" zote hutamkwa "nasema". Acayo alimwita binti yangu. Wakati huo Marie-Louise alikuwa amepata kazi kwenye kikundi kidogo cha utafiti hospitalini. Walikuwa wanachunguza saa za namna hiyo, zile zinazouzwa kwa maneno kwamba zinapima presha bila mpira: je, zinasema kweli? Walihitaji watu ambao tayari wanazivaa nyumbani, na watu hao hawakuwa wengi.

"Papa Obwona," alisema jioni moja, "njoo utusaidie. Hatukuchomi sindano. Tunalinganisha saa yako na kipimo chetu, basi."

"Mnataka kupima saa ya Lakica?" Obwona alicheka. "Mimi nakuja. Mtaona saa nafanya kazi."

Alikwenda amevaa koti. Chumba kilikuwa kimya, pazia limefungwa nusu, kiti kina mgongo mzuri. Walimwambia asikunje miguu, asiongee, mkono wa kulia aulaze mezani usawa wa moyo. Hayo kwake yalikuwa mepesi. Alikaa kama yuko mbele ya mkaguzi. Wakampumzisha kwanza. Kisha Marie-Louise akamfunga mpira mkononi, akaujaza upepo, na yeye na mwenzake Okwera wakasikiliza pamoja. Kifaa chao kilikuwa na kichwa kimoja na jozi mbili za mirija ya masikio, na katikati yao paliwekwa ubao ili mmoja asione anachoandika mwingine. Baada ya hapo Daktari Faridah, aliyewasimamia, alisoma saa. Halafu mpira tena. Halafu saa tena.

Marie-Louise aliyasikia mapigo yakianza mapema mno, zebaki ya kipimo ikiwa ndiyo kwanza inaanza kushuka. Alidhani amekosea. Alitazama upande wa Okwera, akaona Okwera naye amekunja uso. Walipoondoa ubao, mmoja alikuwa ameandika mia moja themanini na nne, mwingine mia moja themanini na mbili. Ya chini ilikuwa mia moja na nane kwa wote wawili. Walirudia. Haikushuka.

Saa ilisema mia moja ishirini na tano.

Daktari Faridah alivuta kiti akakaa mbele ya mzee. Alikuwa mwanamke mpole, wa kuongea taratibu. "Mzee wangu, presha yako iko juu sana. Iko juu kiasi kwamba sitakuruhusu utoke hapa bila dawa. Hii saa usiisikilize tena."

"Wewe nasema saa ya mtoto wangu iko mwongo?"

"Mzee, saa za namna hii hazipimi presha yenyewe. Zinasoma mapigo hapa kwenye kifundo cha mkono, halafu zinakisia kutoka kwenye namba uliyoipa siku ya kwanza. Zile tulizoanzisha hapa wenyewe, nyingi zinakosea kidogo tu. Hii yako imepotea mbali. Namba ya kwanza uliipata wapi?"

"Duka ya dawa," alisema Obwona.

Daktari alipokwenda kutafuta dawa, na Okwera alipotoka, Marie-Louise alibaki anakunja mpira. Obwona alikuwa akitazama viatu vyake.

"Marie."

"Naam, Papa."

"Hii saa haina makosa. Mimi ndio nilidanganya yeye."

Akamweleza. Binti wa duka la dawa alimpima, akashtuka, akampima tena, akamwambia mia moja sabini na sita kwa mia moja na nne, aende hospitali siku hiyohiyo. Obwona alitoka akakaa kwenye benchi la watu wa bodaboda. Pale alimwona Lakica, vile alivyogaagaa chini siku ya Oyet. Alijua kwamba akiona namba zile ataacha kila kitu arudi, na akirudi hana kazi ya kurudia. Maisha yake yote yatakuwa ni kukaa kando ya kitanda cha baba akisubiri afe. Akakumbuka namba nyingine, ile waliyompima siku aliyochukuliwa kuwa polisi, akiwa kijana wa mbio na ngumi. Daktari wa siku hiyo alimsifu mbele ya wenzake. Namba hiyo hakuisahau kamwe.

"Nikapa saa namba hiyo," alisema. "Na saa nakumbuka mpaka leo. Iko na adabu kuliko watu."

Marie-Louise alikaa. "Bon, vizuri. Tunaweza kuirekebisha sasa hivi. Tunaweka namba ya leo."

"Na Lakica ataona?"

"Kesho asubuhi ataona."

Obwona akavuta mkono wa koti mpaka ukaifunika saa. "Ngoja. Nitakunywa dawa. Presha itashuka. Ikishuka, tutaweka namba mpya, nzuri, ya kweli. Hakuna mtu ataumia."

"Basi Maman Acayo umuambie."

"Huyo hawezi kuficha. Akijua leo, Lakica najua leo. Marie, wewe ulisema maneno ya hapa nabaki hapa."

Ni kweli, alikuwa amesema hivyo. Ilikuwa sheria ya kazi yao, na alikuwa amemsomea mwenyewe kabla hajakaa kwenye kiti. Na mpango wa mzee, ukiutazama, haukuwa mbaya, mradi dawa zimezwe. Alikubali.

Nyumbani Obwona alimwambia Acayo kwamba saa imepita mtihani, na kwamba vidonge ni vya mgongo. Alivimeza kila siku, kwa nidhamu ileile ya viatu. Lakini vilimpa kizunguzungu mwanzoni, na jioni vifundo vya miguu vilimvimba, akashindwa kufunga kamba. Asubuhi aligusa kioo: mia moja ishirini na moja, kijani. Siku nyingine: mia moja na kumi na tisa. Moyo mwekundu kutoka Doha.

Hapa ndipo watu hushindwa kumwelewa Obwona, na mkewe alishindwa vilevile baadaye. Alijua alichokifanya. Aliidanganya saa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini uongo ukirudiwa kila asubuhi, tena ukirudishwa kwako na mwanao kwa shukrani, hatimaye nawe unauzoea, unaupisha kiti. Alianza kujiambia kwamba huenda saa sasa inasema kweli, kwamba dawa zimemaliza kazi yake. Akapunguza kidonge kimoja. Kisha akaacha vyote, mpaka sikukuu ipite, maana asingeweza kupanda kilima cha Kibuli na miguu iliyovimba.

Marie-Louise alimsimamisha njiani mara kwa mara. "Papa, dawa?"

"Nakunywa."

"Njoo tupime tena."

"Baada ya gwaride, Marie. Watoto bado wanakanyagana."

Ilitokea uwanjani, asubuhi, jua likiwa tamu. Watoto walikuwa wamepangwa safu, soksi zimevutwa hadi magotini. Mwalimu wao, mama mmoja aliyesimama kivulini, ndiye aliyesimulia. Obwona alisema, "Mbele, tembea!" na sauti ikatoka safi kama kawaida. Watoto wakaondoka. Walipofika mwisho wa uwanja alifungua mdomo kuwaambia wasimame, na hakikutoka kitu. Fimbo ikaanguka. Alibaki amesimama, upande mmoja wa uso umeteremka, akiwatazama watoto wanaondoka. Nao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasimame, walitembea mpaka kwenye uzio, wakafika, wakaendelea kukanyaga palepale, kushoto, kulia, kushoto, kulia, wakingoja sauti yake. Ndipo naye akaanguka chini.

Acayo alimpigia Lakica kutoka kwenye korido ya hospitali.

"Mama, unasema nini?" Lakica alikuwa amesimama kati ya mashine za kufulia, zinaunguruma. "Namba zake hizi hapa. Zimeingia sasa hivi. Mia moja ishirini na saba."

"Baba yako hawezi kusema, Lakica."

"Lakini Mama, ni kijani."

Katika yale mahangaiko hakuna aliyemvua mzee ile saa. Ilikuwa inapima yenyewe, hata bila kuguswa, kila baada ya muda, na mchana kutwa, wakati madaktari wanahangaika naye, iliendelea kumpelekea binti yake habari njema.

Lakica aliomba ruhusa akarudi. Alimkuta baba yake kwenye kitanda kando ya dirisha, upande wa kulia umekufa, maneno yamekwenda. Alimkumbatia, akambusu kwenye paji la uso, akamwita majina yote ya utotoni. Obwona alimtambua, machozi yalimtoka jicho moja. Kisha akausukuma mkono wake wa kushoto, ule wenye saa, chini ya shuka.

Alifanya hivyo kila binti yake alipoingia. Lakica alidhani anaona baridi, akamletea blanketi. Acayo naye alidhani hivyo.

Aliishi hivyo majuma machache. Lakica alimlisha uji kwa kijiko, alimnyoa, alimgeuza. Wakati mwingine mzee alijaribu kusema neno, akajikaza mpaka shingo ikatoka mishipa, na kilichotoka ni hewa tu. Lakica alimwambia, "Usijali, Baba, nimeelewa." Hakuwa ameelewa. Mchana mmoja wa Jumapili, Acayo akiwa anamfuta miguu, mzee alipumua mara moja kwa nguvu na hakupumua tena.

Walilia Nsambya kwanza, wakingoja gari la kuupeleka mwili kaskazini. Polisi wa zamani walikuja, wazee wenye migongo iliyonyooka, wakasimama mstari uani bila kuambiwa. Nyuma ya nyumba, Acayo, Lakica na Marie-Louise walikaa kwenye mkeka wakichambua maharage ya waombolezaji. Acayo hakutakiwa kufanya kazi siku hiyo, lakini mikono yake ilikataa kukaa bure.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema Lakica. Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu ya Marie-Louise, na alisema bila kulia. "Kama nisingemletea kile kitu, mngemwona anaumwa mkampeleka hospitali. Mama alikuwa anaona. Mimi ndiye nilimfumba macho."

"Usiseme hivyo," alisema Acayo.

"Dada Marie, wewe umezipima hizi saa. Niambie. Zinakosea hivi? Za watu wengine wote zinakosea hivi?"

Marie-Louise aliendelea kuokota mawe kwenye ungo. "Zinakosea. Si zote namna moja."

"Ya Baba ilikosea kiasi gani?"

"Sana."

"Kwa nini ya Baba? Tuliianzisha vizuri. Alipimwa dukani, mimi mwenyewe nilimwelekeza. Kosa langu liko wapi? Nitaishi namna gani bila kujua?"

Mikono ya Marie-Louise ilikuwa imesimama juu ya ungo. Acayo, ambaye namba hakuzijua ila nyuso alizijua, aliutazama uso ule.

"Binti yangu," alisema polepole, "wewe iko na kitu."

Marie-Louise alikuwa amebeba neno la marehemu, na alilelewa kuamini kwamba neno la marehemu halichezewi. Lakini mbele yake alikaa aliye hai, akijifunga jiwe lisilo lake. Akauweka ungo chini, akapiga magoti, akawaeleza yote: benchi la bodaboda, namba ya ujana, dawa zilizoitwa za mgongo, ahadi ya kurekebisha.

Upande wa mbele wazee walikuwa wameanza wimbo.

"Alijua," alisema Lakica mwishowe.

"Alijua."

"Kila asubuhi. Nilipomwandikia asante, alikuwa anajua." Alisimama, kitenge kikaanguka, hakukiokota. "Nilikuwa nasema namba zake kwa wenzangu wote pale kazini. Niliwaambia, tazameni, baba yangu ana moyo wa kijana." Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama kando ya reli, ameipa nyumba mgongo, na ndipo wakasikia analia. Si kilio cha kuomboleza. Alikuwa anamkaripia baba yake kwa Kiacholi, kwa sauti ya juu, kama anavyokaripiwa mtoto aliyevuka barabara bila kutazama.

Acayo alimgeukia Marie-Louise. "Ulikuwa unapita mlangoni pangu. Kila siku. Unaniamkia."

"Ndiyo, Maman."

"Na mimi nakupa chai."

"Ndiyo."

Marie-Louise alingoja matusi. Hayakuja. Acayo alikuwa akifikiria vile vidonge vya mgongo, namna alivyovipokea mkononi mwake mwenyewe na kuviweka kabatini, na maji aliyokuwa akimchotea mumewe kila asubuhi ya kumezea. Walilala kitanda kimoja miaka yote hiyo. Alikuwa na hasira ya kumpiga, na hakuna wa kupiga. Akavuta ungo, akaendelea kuchambua. Baada ya muda Marie-Louise naye akanyoosha mkono, akachukua maharage kidogo, na Acayo hakumzuia.

Walimzika Kitgum, karibu na Oyet na wale watoto wawili. Lakica alisema angebaki, Acayo akamkatalia, na safari hii hakukuwa na kubembeleza. "Baba yako alikosea njia," alimwambia, "lakini alichokitaka kilikuwa wewe ukae huko, ufanye kazi, uwe na maisha. Nenda." Lakica akaenda. Uwanja wa ndege waliagana bila maneno mengi.

Huko Doha hakununua saa nyingine. Alimwomba Marie-Louise ampime mama yake kila wiki kwa mpira, na Marie-Louise akakubali kabla ombi halijakwisha. Alikuja Jumamosi na begi lake. Acayo alikaa kwenye stuli nje ya mlango, miguu chini, mkono juu ya meza ndogo. Mara ya kwanza namba ilitoka mbaya: mia moja sitini na mbili kwa tisini na nane. Marie-Louise aliitamka mara mbili ili Acayo asiisahau. Acayo alimpigia binti yake hapohapo na kumwambia ilivyo, bila kupunguza. Alimsikia Lakica akivuta pumzi. Kisha alimsikia akisema, "Asante, Mama," kwa sauti ndogo.

Acayo alianza dawa. Vifundo vilimvimba na yeye. Daktari Faridah akambadilishia. Alimeza asubuhi, akameza jioni. Wiki zikapita, na Jumamosi moja Marie-Louise alisikiliza, akasikiliza tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Acayo alipiga simu. "Lakica. Mia moja ishirini na nane, kwa themanini."

Mashine zilikuwa zinaunguruma kule nyuma.

"Lakica, umesikia? Imeshuka."

"Nimesikia, Mama."

"Mbona hufurahi?"

"Mama, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Usinifiche."

"Sikufichi, mwanangu. Ndiyo namba yenyewe."

"Na Baba alisema hivyo."

Acayo hakuwa na kitu cha kumwapia. Alitazama mkono wake, ule mpira bado umemfunga, na hakujua ni neno gani angeweza kulituma mpaka Doha likafika likiwa zima.

"Mpe simu Dada Marie," alisema Lakica.

Acayo akampa. Marie-Louise aliishika kwa mikono miwili, akazitaja namba, ya juu na ya chini, polepole, kama alivyokuwa akizisema mbele ya daktari.

"Rudia," alisema Lakica. "Tafadhali. Mfunge mkono tena, niwe nasikia."

Marie-Louise akaiweka simu mezani karibu na kiwiko cha Acayo, akaanza kujaza upepo upya.